Flaski Zilizooshwa Kama Vibuyu

Wadogo zangu wa maabara,

Siku ya mahafali yetu niliitwa mbele niwape neno la kuaga. Mliona wote. Nilisimama, nikasema "Habari zenu," mkajibu "Nzuri," nikarudi kukaa. Mwalimu Mhina alipiga makofi peke yake, halafu na ninyi mkapiga, nadhani kwa huruma. Kwa hiyo naandika. Karatasi haimwangalii mtu usoni.

Mimi sasa ni mstaafu. Msicheke kwanza. Mtu aliyefanya kazi moja miaka miwili, akakabidhi ufunguo, akarudi kwao kupalilia vitunguu saumu huku akisubiri matokeo ya Form Four, mnataka aitwe nani? Nilikuwa kiranja wa maabara ya kemia. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kuvipanga, kujaza chupa, na kuwaambia watu "usiguse hiyo" kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Karibu kila ninachokijua nimekijua kwa kukosea, au kwa kuwaona wengine wakikosea, na itakuwa hasara kibaki kwangu na vitunguu wakati ninyi ndio mnaanza kushika bureti.

Nianze na pipeti maana najua ndiyo inayowatesa. Pipeti ni ule mrija wa kioo wenye tumbo katikati. Unavuta taratibu kwa mdomo, macho yako kwenye alama, ukifika unaziba juu kwa kidole. Siyo ngumu. Kitu kimoja tu: usivute ukiwa umekaa karibu na mtu wa kuchekesha. Mimi nilipangiwa meza moja na Deodati, kijana wa Hirbadaw aliyekuwa anaishi kwa mjomba wake hapa Dongobesh ili asome. Deodati hanyamazi. Siku ya kwanza navuta maji ya magadi, akaniinamia sikioni.

"Paskalina, unavuta kama bibi harusi anayekunywa soda mbele ya wakwe."

Nikacheka. Magadi yakajaa mdomoni.

Mwalimu Mhina aliona kutoka ubaoni. "Tema!" akapiga kelele. "Binti, tema hapo hapo!"

Sasa ninyi ni watu wa huku, mnaelewa. Mimi niteme mate mbele ya mwalimu? Mtu mzima? Nikameza. Nikameza yote, kisha nikasema, "Samahani mwalimu."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. Aliponiuliza kwa nini nimemeza nikamwambia ni adabu. Akasema, "Leo ni magadi, umebahatika, ni yale yale mnayopikia makande. Kesho ikiwa asidi? Humu ndani unatema kwanza, adabu inafuata." Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya maabara na haipo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Iongezeni.

Niwaambie kidogo kuhusu Mwalimu Mhina, maana ninyi mmemkuta ameshazoea. Alipoletwa kutoka Tanga alikuja na mashati ya mikono mifupi. Mwezi wa sita ulipoingia na ukungu wake akawa anafundisha amevaa sweta mbili na kitambaa shingoni, chaki ikimtetemeka. Kila asubuhi tulimwamkia, "Shikamoo mwalimu," yeye anajibu, "Marahaba, jamani, hii kweli ni Tanzania?" Alikuwa wa kemia, lakini mwalimu wa hesabu alihamishwa, ikabidi abebe yote mawili. Ndiyo maana sisi tulijifunza kemia na aljebra zikiwa zimechanganyika kama mahindi na maharage, na mpaka leo sijui vizuri mpaka uko wapi.

Kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye alama na koki chini, nina neno moja tu. Usome maji jicho likiwa usawa wa maji. Yale maji hayanyooki juu, yanazama katikati kama kitanda cha kamba, na wewe unasoma pale chini kabisa palipozama. Wanafunzi majasiri wanasoma wamesimama wima, wanakosea. Sisi wenye aibu tumezoea kuinama, tunapata.

Halafu kusawazisha milinganyo. Hapa nilikuwa mbovu sana. Ukinipa haidrojeni na oksijeni zitengeneze maji, naona upande huu oksijeni mbili, upande ule moja. Mimi naongeza kijinamba kidogo chini, inakuwa H2O2, naona mambo yamekaa sawa, nafunga daftari. Mwalimu akaniita ubaoni.

"Paskalina, nyumbani mna mbuzi?"

"Ndiyo mwalimu."

"Mbuzi mmoja ana miguu mingapi?"

"Minne."

"Mimi nataka miguu minane zizini. Utafanya nini? Utamshonea mbuzi wako miguu mingine minne?"

Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Deodati akasema, "Mwalimu, huyo mbuzi nitamnunua mimi."

"Utaongeza mbuzi," Mwalimu akasema. "Kile kijinamba cha chini ni miguu. Usikiguse, ukikigusa umetengeneza mnyama mwingine, na huyu uliyemtengeneza watu wanamtumia kuoshea vidonda. Namba unaweka mbele. Mbele ni idadi ya mbuzi."

Tangu siku hiyo sijashona mguu wa mbuzi tena. Nikiona mmoja wenu anaandika kijinamba chini ili mambo yakae sawa, natamani nipige kelele, ila mnanijua.

Aljebra ilinisumbua kwa namna nyingine. Sikuelewa x ni nani. Niliogopa kuuliza muhula mzima. Jana x ilikuwa tano, leo ni saba, kesho ni sehemu ya kumi na moja, na mwalimu anaitaja kama ndugu tunayemfahamu. Usiku naandika kwenye shajara yangu: "Leo tena x. Nadhani wengine wote wanamjua." Mwisho nikamuuliza Deodati, maana kumuuliza yeye hakuna aibu, hana cha kukudharau nacho, alikuwa wa mwisho.

"X ni mgeni," akasema. "Leo kalala kwenu, kesho kwetu. Usimuulize jana alikula nini. Muulize leo."

Haikuwa mbaya, lakini kilichonisaidia ni mizani. Baba alinipeleka mnadani kubeba vitunguu saumu, nikamwona mama mmoja ana mizani ya mikono miwili, ile ya zamani. Kiroba upande huu, mawe upande ule. Ndani ya kiroba kulikuwa na vitunguu na jiwe moja lililosahauliwa. Hakumwaga kiroba. Alichomoa lile jiwe, akatoa na jiwe la uzito huo huo upande wa pili, mizani ikatulia, akasema, "Hili ni jiwe, hivi ni vitunguu." Nilisimama pale kama ng'ombe aliyeona treni. Kumbe alama ya sawasawa ni ule mti wa katikati wa mizani! Unachotoa huku, toa na kule. Aliyefichwa kwenye kiroba ndiye x. Baba aliniita mara nyingi, sikusikia, mpaka akanigusa kwa fimbo.

Haya. Sasa niwaeleze siku iliyonipa kazi, kwa sababu najua mnasimuliana vibaya. Nimesikia toleo lenu ambalo mama yangu alipasua flaski. Mama hakupasua kitu.

Kwa wakati wetu, kuingia mchepuo wa sayansi Form Three haikuwa kila anayetaka. Maabara ni hiyo hiyo mnayoiona, meza chache, watu wakizidi viwiko vinagongana na asidi inamwagika. Mwalimu Mhina akaweka masharti matatu: ufaulu kemia, ufaulu hesabu, na usimame mbele ya wazazi siku ya wazazi uonyeshe jaribio moja na kulieleza kwa mdomo. Hilo la tatu alisema aliliweka kwa sababu amechoka na watu wanaokariri. Mimi nilijua ameliweka kwa ajili ya kunizuia mimi. Siyo kweli, lakini nililia nyuma ya stoo ya mahindi.

Na nilikuwa naitaka sayansi kuliko kitu chochote. Niwaambie ukweli nilikuwa nataka nini. Nilishawahi kupelekwa kituo cha afya kupimwa malaria, nikamwona dada mmoja wa maabara. Amekaa nyuma ya kidirisha kidogo. Unaingiza kidole, anachoma, anasukuma kikaratasi, basi. Hakuna habari za asubuhi, hakuna hotuba. Siku nzima anaongea na darubini. Nikasema, Mungu, ile ndiyo kazi yangu. Lakini ili nifike kwenye kile kidirisha cha kunyamaza, ilibidi kwanza nihutubie wazazi wa kata nzima. Oneni mambo.

Mwalimu alinipangia jaribio jepesi. Flaski tatu. Ya kwanza maji ya limau, ambayo ni asidi. Ya pili maji matupu. Ya tatu maji yenye magadi kidogo, ambayo ni besi. Unatia matone ya POP katika kila moja. Mnaijua POP, ile indiketa isiyo na rangi inayotuonyesha besi iko wapi. Kwenye limau haibadiliki, kwenye maji haibadiliki, kwenye magadi inageuka waridi kama kitambaa cha kipaimara. Unaeleza, unainama, unakaa. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya ndama wetu mpaka ndama akawa ananikimbia.

Siku moja kabla, kina mama walikuja kusafisha shule, kama ilivyo kawaida kabla ya wageni. Wengine walipiga deki madarasa, wengine walifyeka. Mama yangu na shangazi yangu wa Gitting, aliyekuwa amekuja kututembelea, wakapewa maabara. Sikuwepo. Tulikuwa tumetumwa kuteka maji. Sabuni ya unga iliisha kwenye madarasa kabla haijafika kwao.

Mama akatazama kabatini akaona flaski. Ninyi wenyewe mnaijua flaski ilivyo: tumbo la duara, shingo nyembamba. Mtu yeyote wa kwetu akiona chombo cha namna hiyo anafikiria kitu kimoja tu.

"Wifi, watu wa mjini," shangazi akasema, hivi ndivyo alivyosimulia baadaye, "kumbe nao wana vibuyu, ila vya kioo."

Na kibuyu cha maziwa kina utaratibu wake. Wakaenda jikoni kwa mpishi wa shule wakachota majivu. Wakatia majivu na maji kidogo, wakasugua ndani kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, wakatikisa, wakamwaga. Kisha wakawasha kuni za kunukia, wakageuza kila flaski mdomo chini juu ya moshi. Na hawakusuuza. Kibuyu hakisuuzwi baada ya kufukizwa, ukisuuza umeondoa utamu wote. Wakavipanga kabatini viking'aa, wakafunga, wakaenda nyumbani wameridhika.

Kesho yake nikafungua kabati. Flaski zinawaka kama macho ya paka. Nilinusa moshi, nakumbuka kabisa, nikadhani ni sweta langu. Sisi wote wa huku tunanuka moshi, nani atashangaa? Nilitakiwa kusuuza kila chombo kwa maji safi kabla ya kutumia, nilishafundishwa. Lakini wazazi walikuwa wameshaanza kuingia, na mtu wa aibu hawezi kusuuza vyombo huku watu wanamtazama. Nikamimina tu: limau, maji, magadi.

Wazazi walikaa kwenye viti vya darasa vilivyotolewa nje, wanaume huku, kina mama kule, mkuu wa shule katikati, Mwalimu Mhina na sweta zake pembeni. Waliotangulia walifanya vizuri. Deodati alionyesha jinsi mshumaa unavyozima ukiufunika, akaongea mpaka mkuu wa shule akamwambia kijana inatosha, mshumaa umeshazima zamani.

Nikaitwa. Nikasema, "Shikamooni." Wakajibu marahaba kwa kishindo. Mpaka hapo vizuri. Kisha ikaja kimya, na mimi nikawa sehemu ya kile kimya.

"Endelea, Paskalina," Mwalimu akasema polepole.

Nikatia POP kwenye limau. Hakuna rangi. Nikanong'ona, "Hii ni asidi." Mzee mmoja wa mbele akamuuliza jirani yake, "Anasali?"

Nikatia POP kwenye maji matupu.

Yakageuka waridi.

Waridi lenyewe hasa, la kung'aa, linapanda kutoka chini kama moshi ulioogopa. Wazazi wakapiga makofi! Walipiga sana. Kina mama wakapiga vigelegele. Wao wanajua nini, wameona maji yamebadilika rangi, hicho ndicho walichoambiwa waje kuona.

Mimi nikamtazama Mwalimu Mhina. Mwalimu Mhina akanitazama mimi. Kati ya watu wote pale ni sisi wawili tu, pengine na mkuu wa shule, tuliojua kwamba maji yametudanganya. Mwalimu akafanya ishara ndogo ya mkono: endelea tu, tia na kwenye magadi, maliza, kaa. Alitaka kuniokoa. Ningeendelea ningekuwa nimemaliza, makofi ninayo tayari, sharti la tatu limetimia.

Nitawaambia kitu ambacho sikielewi mpaka leo. Mtu akinitukana siwezi kumjibu. Muuza duka akinipunja chenji naondoka. Lakini yale maji kuwa waridi yalinikera. Yalinikera kama mtu amekalia kiti changu. Nikasikia sauti ya msichana inasema kwa nguvu, "Hapana. Haya siyo maji!"

Ilikuwa yangu. Makofi yakakatika.

"Siyo maji?" mkuu wa shule akauliza.

"Shikamoo mkuu," nikasema, ingawa nilishawaamkia wote. "Maji hayabadiliki. Yakibadilika kuna kitu ndani. Kuna besi. Chombo hiki kimeoshwa na nini?"

Na hapo ndipo nilipokumbuka nani alisafisha maabara.

Wadogo zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Kwetu mtoto hamsahihishi mama yake hata jikoni wakiwa wawili, sembuse mbele ya kata. Nilitamani yale maneno yarudi mdomoni, niyameze kama yale magadi. Lakini upande wa kina mama kiti kilishalia. Mama alisimama, khanga mabegani, kidevu juu.

"Ni mimi niliyeosha. Kwa majivu. Kwani hazijatakata?"

"Zimetakata mama," nikasema.

"Na nikazifukiza. Zinanuka vibaya?"

"Hazinuki vibaya mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa kosa liko wapi?"

Watu walianza kucheka, lakini kidogo kidogo, kwa tahadhari, wanamjua mama. Mwalimu Mhina akasogea, akanusa flaski, uso wake ukafunguka. "Majivu!" akasema. "Majivu ni besi, jamani! Nanusa moshi tangu asubuhi nikadhani ni nyinyi." Sasa wakacheka wote, naye akatambua alichosema, akajifunika uso kwa kitambaa cha shingoni.

Nikaona nikinyamaza hapo, mama atabaki amesimama peke yake na majivu yake. Kwa hiyo nikaongea. Nikachukua dropa ya kudondoshea matone, nikavuta limau.

"Limau linaondoa besi," nikasema. "Tuhesabu matone mpaka waridi liishe. Tutajua majivu ni mengi kiasi gani. Mnisaidie kuhesabu."

Wakahesabu kata nzima. Moja! Mbili! Wazee wa mbele walihesabu kwa Kiiraqw, wakawa nyuma kidogo ya wengine. Tatu! Nne! Nikatikisa, waridi likafutika, maji yakawa maji. Wakafanya "Aaa," kama mtu aliyetua mzigo.

Nikatia POP kwenye flaski ya magadi. Waridi. Tukahesabu tena, safari hii ikawa ndefu, mama mmoja akaruka kumi na mbili akarudishwa kwa kelele. Waridi lilifutika kwenye tone la kumi na tisa.

Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani: x + 4 = 19.

"Humu ndani kuna magadi na kuna majivu," nikasema. "Limau limeyaondoa yote mawili pamoja, matone kumi na tisa. Majivu tumeshayapima kule kwenye maji, ni matone manne. Magadi peke yake hatuyajui, ndiyo x. Ni kama kiroba chenye vitunguu na jiwe. Toa manne huku, toa manne na kule. Magadi ni matone kumi na tano."

Kisha Mwalimu Mhina, ambaye dakika moja nyuma alitaka kuniokoa, akaamua kuniangamiza. Ndivyo alivyo. Akainua kidole.

"Swali. Umejuaje kwamba majivu ya flaski hii ni sawa na ya flaski ile? Labda huku yalibaki mengi, kule machache."

Ni swali zuri, jamani, na mtakapofanya majaribio mjiulize kila mara, maana aljebra haijui kama ulichokiweka kwenye mizani ni cha kweli. Nikatazama flaski moja, nikatazama nyingine.

Mama hakuwa amekaa bado. "Mwalimu," akasema, "mkono ulioosha ni mmoja. Nina watoto saba. Mimi sipendelei."

Hapo shule ilivunjika. Mkuu wa shule alicheka mpaka akavua miwani. Mwalimu Mhina akasema, "Nimelipokea jibu, mama, ingawa kwenye mtihani wa taifa sitakuwepo kulitetea." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ukirudia, tumia flaski mbili za kila aina, uthibitishe. Usimtegemee mama yako kila siku."

Mwisho wa sherehe alisimama kutaja watakaoingia sayansi. Alimtaja Deodati, nikashangaa. Aliendelea, jina langu halitoki, nikaanza kutazama viatu vyangu. Mzazi mmoja akapaza sauti kabla hajafika mwisho.

"Mwalimu, na yule wa majivu?"

"Yule wa majivu," Mwalimu akasema, "anaingia sayansi, na tangu leo ndiye anayeshika ufunguo wa maabara. Kila chombo kitaoshwa mbele ya macho yake."

Ndiyo kazi ninayoistaafu leo, na ndiyo maana mlikuwa mkinikuta nasuuza kitu kilichokwisha kusuuzwa. Sabuni, maji ya bomba, kisha maji safi yale ya chupa kubwa. Ukimaliza, tone moja la POP ndani ya maji ya mwisho. Likikaa bila rangi, weka kabatini. Msione uvivu. Na mama zenu wakija kusafisha, wapeni madirisha.

Lakini jioni ile sikuwa na furaha mnayoifikiria. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama na shangazi mbele, mimi nyuma yao na kapu. Mama hakusema neno. Tukapita kwenye mashamba ya ngano, tukapita kanisani. Nilijua nimemwaibisha. Niliona ni afadhali ningekaa na maji yangu ya waridi na makofi yangu, nikose sayansi, niolewe, niishe. Mlima wetu, unaofunikwa na mawingu siku nyingi, ulikuwa wazi siku hiyo na hata sikuutazama.

Tulipofika kwenye kijito wakasimama kunawa miguu. Kulikuwa na majirani wawili wanajaza ndoo. Wakamwamkia, wakamuuliza huko shuleni kulikuwaje. Mimi nikainamisha kichwa.

"Shuleni?" mama akasema. "Majivu yangu yamegeuza maji rangi. Mbele ya mkuu wa shule. Ya nani mwingine yangeweza?"

"Ya kwako tu," shangazi akasema.

"Na huyu," akaninyooshea kidole bila kugeuka, "amesimama akayapima."

Majirani wakanitazama. Nikasema shikamoo, ndicho kitu pekee kilichotoka. Tukaanza kupanda kilima, na sasa mama akapunguza mwendo mpaka tukawa sambamba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo hataki shangazi aisikie.

"Ile hesabu ya ubaoni. Ile x ndiyo mimi?"

"Hapana mama. X ni magadi. Wewe ni yale manne."

Akasimama katikati ya njia.

"Manne tu?" akasema. "Na nilivyosugua vile?"